Gharama za Kesi ya Mtoto Zimwangukie Nani?



Barua nyingi zinazoifikia safu hii hutoka Likoni, Kisauni, Kwale, Malindi na Lamu. Iliyotushughulisha juma hili imetoka Tongaren, nchi ya mahindi iliyo baina ya Bungoma na Kitale, na imetufikia kwa mkono wa jamaa ya mwandishi anayeishi hapa Mombasa. Mwandishi ni dada yetu Mwislamu. Aliolewa kwa nikaha na kijana wa Pwani aliyekwenda huko kununua mahindi, wakaishi pamoja miaka michache, kisha wakaachana. Mume akarudi kwao, naye akabaki kwa wazee wake na mtoto wa miaka minne. Kwa kumsitiri tumeacha jina na kijiji, na mambo mengine mawili matatu tumeyageuza.

Kisa chenyewe ni cha kawaida mno, na ndiyo maana twakiandika. Kwa miezi minane baba hakuleta kitu. Alipoombwa masurufu alitoa udhuru. Alipoombwa mara ya pili akasema mtoto si wake, na kwamba anayetaka senti yake na aende akampime mtoto kwanza, tena kwa pesa zake mwenyewe. Dada akamwendea wakili mjini. Akatajiwa ada ya kuanzia, akarudi nyumbani akahesabu magunia yaliyobaki ghalani, akaona hata akiyauza yote hayatoshi, na mtoto atakula nini hadi mavuno mengine? Majirani nao wakamwongezea hofu: ukishindwa, utamlipa na wakili wake.

Maswali yake ni matatu. Nani alipe kipimo cha DNA? Nikishinda, nitarudishiwa nilichotumia? Nikishindwa, nitalipishwa cha mwenzangu?

Wajibu wa baba wenyewe hauna utata, si katika Kitabu wala katika sheria ya nchi. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imemtwika baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, kwa kadiri ya wema unaojulikana, na ikakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Suratut Talaq, aya ya 6 na ya 7, imeamrisha mama aliyeachwa alipwe ujira wa kunyonyesha, na kila mtu atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, nayo imempa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelishika neno hilo hilo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshitaki baba wa mtoto wake adai matunzo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1969, Bunge la nchi huru lililokuwa la wanaume watupu likaifuta. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilipokuja haikumtwika moja kwa moja wajibu baba ambaye hakumwoa mama. Ilimwachia mwanya, na wengi waliupitia. Wanawake waliolea watoto baina ya mwaka 1969 na 2010 wanajua wenyewe walivyolea. Basi haki hii ya leo ni changa, na kitu kichanga huhitaji kushikwa vizuri.

Lakini haki iliyoandikwa kitabuni ina mlango wa kuingilia, na mlango huo una ada yake. Kuna ada ya kufungua kesi, ada ya wakili, nauli ya kwenda na kurudi kila kesi inapoahirishwa, ada ya maabara, na siku za kazi zinazopotea. Masurufu yanayodaiwa ni madogo, hulipwa mwezi kwa mwezi, ilhali gharama za kuyadai hutakiwa papo kwa hapo na kwa mkupuo. Mwanamume mwenye kulijua hilo hana haja ya kushinda kesi. Yatosha aifanye iwe ghali. Akikana mtoto, ameongeza ada ya maabara. Akikosa kuhudhuria mara tatu, ameongeza nauli tatu. Na mama akichoka akaacha, hakuna hukumu iliyotolewa dhidi ya mtu yeyote, na vitabu vya mahakama haviandiki kwamba mtoto amedhulumiwa.

Sheria yasemaje kuhusu gharama hizo? Kanuni ya jumla imo katika kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai: gharama za kesi ziko mikononi mwa hakimu au jaji, na kwa kawaida aliyeshindwa humlipa aliyeshinda, isipokuwa mahakama ikiwa na sababu njema ya kuamua vingine. Mahakama ya Juu iliifafanua kanuni hiyo mwaka 2014 katika ugomvi wa familia ya Rai kuhusu kampuni zao. Ilisema kwamba kumlipa aliyeshinda ndio mwendo wa kawaida, lakini jaji ana hiari ya kuangalia mazingira ya kesi na kuuelekeza uamuzi mahali ambapo haki yataka uelekee. Hiyo ilikuwa kesi ya matajiri, lakini kanuni iliyotoka humo ni ya kila mtu.

Sasa, katika kesi za kifamilia mahakama zetu zimejiwekea desturi. Mwisho wa hukumu nyingi za talaka, malezi na masurufu utakuta sentensi moja fupi: kwa kuwa hili ni jambo la kifamilia, kila upande ubebe gharama zake. Makusudio yake ni mema. Mahakama haitaki kuongeza chuki baina ya watu ambao bado wana mtoto wa kulea pamoja. Tena desturi hiyo ndiyo inayomjibu dada yetu swali lake la tatu: mama aliyefungua kesi ya mtoto kwa nia safi, akashindwa, si kawaida kutwishwa ada ya wakili wa mwenzake. Hofu ya majirani ina asili katika sheria ya jumla, ila katika kesi za namna hii ni hofu iliyokuzwa. Kama madai ni ya uongo, au yamefunguliwa kwa kumkomoa mtu, hapo mambo hubadilika, na ni haki yabadilike. Mwanamume aliyesingiziwa mtoto akalipa wakili na maabara kujisafisha naye amedhulumiwa, na dini yetu imelikemea vikali jambo la kubandika nasaba isiyokuwa.

Hata hivyo, sisi twaiona sentensi ile fupi kuwa na upande wake wa pili. Kusema kila mmoja abebe gharama zake ni uadilifu pale wawili wanapokuwa na nguvu sawa za kubeba. Mama wa Tongaren mwenye magunia machache, na baba mwenye biashara Mombasa, wakibebeshwa kila mmoja mzigo wake, mizigo ni sawa kwenye karatasi tu. Zaidi ya hayo, mama hakutumia pesa zake kwa ajili ya nafsi yake. Alizitumia kumdaia mtoto. Ikiwa mahakama yampa mtoto masurufu ya mwaka mzima, na ada ya wakili imekula sawa na masurufu ya miezi mingi, basi miezi hiyo mtoto amelishwa na mahakama kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono mwingine. Kipimo cha sheria yetu ni maslahi ya mtoto kabla ya jingine lolote, na kipimo hicho hakipaswi kusahauliwa mahakama inapofika kwenye mstari wa mwisho wa hukumu.

Twapenda hapa kuwakumbusha wasomaji wetu hazina iliyomo katika fiqhi, kwani wengi hudhani suala la gharama za kesi ni la Wazungu. Limo katika hadithi sahihi kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhulma. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hambali walilijengea hilo hukumu. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328 wa miladi, aliona kwamba mdaiwa mwenye uwezo akichelewesha haki ya mwenziwe hadi akamlazimisha kushitaki, basi alichogharimika mdai katika kushitaki, kwa kadiri ya kawaida, ni juu ya yule mchelewesha. Mantiki yake ni nyepesi kufahamika: hasara aliyeisababisha ndiye wa kuilipa. Imani yetu ni kwamba baba anayeweza, asiyetoa mpaka aitwe mahakamani, anaingia katika maneno hayo bila ya kusukumwa.

Tena kuna kisa cha Bi Hind bint Utba, alipomlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mumewe Abu Sufyan hampi yeye na watoto cha kuwatosha. Alielekezwa achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Wasomi wametoa mambo mengi katika kisa hicho. Sisi leo twachukua moja: Bi Hind hakuambiwa agharimike kwanza ndipo apate cha mwanawe.

Lipo na jambo la kuharakisha. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, masurufu ya mke yasipotolewa huwa deni juu ya mume, lakini masurufu ya mtoto ya siku zilizopita huanguka kadiri siku zinavyopita, ila kama kadhi alikwisha yaagiza. Kwa hivyo mama anayesubiri miaka miwili akitumaini baba ataona haya, kisha akaja kudai ya nyuma, amejipunguzia nguvu. Ukianza mapema hata kwa ombi dogo, gharama nazo hupungua, kwani mahakama ya watoto yaweza kutoa amri ya muda ya masurufu kesi ikiwa bado yaendelea.

Tuje kwenye kipimo cha DNA, ambacho ndicho kisu alichoshikiwa dada yetu.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kama kipimo chahitajika hata kidogo. Dada huyu aliolewa. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Ushahidi kimesema mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika ilhali mama hajaolewa tena, ni wa ndoa hiyo, isipokuwa ithibitishwe kwamba mume na mke hawakuwa na nafasi ya kukutana wakati mimba ilipotungwa. Fiqhi nayo yasema mtoto ni wa firashi. Basi mwenye cheti cha nikaha na cheti cha kuzaliwa cha mtoto ameshafika mahakamani na ushahidi wake. Anayetaka kuubomoa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na kwa maoni yetu ndiye wa kugharimia nyundo ya kubomolea. Maneno ya "kampime kwa pesa zako" yamegeuza mambo juu chini.

Kwa Mwislamu kuna zaidi. Mume anayemkana mtoto wa ndoa yake ana njia moja ya kisheria, nayo ni liani mbele ya kadhi, kwa viapo vizito vinavyojulikana, tena pasipo kuchelewa tangu alipojua. Kukana kwa simu baada ya miaka minne, tena siku alipodaiwa masurufu, si liani. Baraza la Fiqhi la Rabita lililokutana Makka mwezi wa Januari mwaka 2002 lilizungumza juu ya vipimo hivi vya vinasaba, likaamua kwamba havitegemewi kukanusha nasaba wala havitangulizwi mbele ya liani, na kwamba haifai kuvitumia kuichunguza nasaba iliyokwisha thibiti. Likaviruhusu pale nasaba inapokuwa haijulikani au inagombaniwa, kama watoto waliochanganywa hospitalini au waliopotea katika maafa. Baba wa Pwani anayejiona mshika dini na alisome azimio hilo kabla hajaitaja DNA tena.

Mahakama za nchi, lakini, hazifungwi na azimio la Makka. Mume akishikilia kukana, hakimu aweza kuamuru kipimo. Si mbali na Bungoma, Mahakama Kuu ya Kakamega iliona mwaka 2005 kwamba amri ya kipimo, pale ubaba unapogombaniwa, ni kwa maslahi ya mtoto. Hata hivyo mahakama haiamuru kipimo kwa kila anayekiomba. Hutaka kwanza kuona msingi wa madai, kwani mwili wa mtu na faragha yake vina ulinzi wa Katiba. Amri ikitolewa, ya gharama huja kwa sura mbalimbali: pengine mkanaji hulipa, pengine wawili hugawana nusu kwa nusu, pengine mama hutanguliza kisha akarudishiwa matokeo yakithibitisha. Sura hiyo ya tatu ndiyo inayosikika kuwa ya haki na ndiyo ngumu kwa maskini, kwani hana cha kutanguliza. Dada yetu, au atakayemsemea, na aombe waziwazi kwamba anayekana ndiye atangulize, na akithibitika kuwa si baba, hesabu ifanywe upya mwishoni. Tena aombe amri itaje maabara kwa jina, itaje kila mmoja atatolewa sampuli wapi na mbele ya nani, ili mama wa Tongaren asiburutwe na mtoto safari ya usiku kucha hadi Mombasa kwa jambo la dakika tano. Kipimo kilichofanywa kimya kimya pembeni, pasipo amri wala mashahidi wa utoaji wa sampuli, mara nyingi huwa pesa iliyotupwa, kwani upande wa pili utakipinga na kipimo kitarudiwa. Na ripoti ikitoka, pande zote zikiikubali, hakuna haja ya kumwita mtaalamu kizimbani. Anayetaka kumhoji ndiye aombwe kugharimia kuja kwake.

Msomaji ataka kujua: na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa? Hilo lina uzito wake na halimalizwi kwa aya moja. Kwa Kishafii nasaba yake haiendi kwa mwanamume, na masurufu yake huwa kwa mama na jamaa zake. Sheria ya nchi, kwa upande wake, humtwika baba wa damu masurufu hayo pasipo kuuliza habari ya ndoa, na mwezi Juni mwaka 2025 Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi katika suala la urithi, uamuzi ambao bado wazungumzwa misikitini kwetu. Katika masurufu, sisi hatuoni kwamba amri ya kumlisha mtoto inabadilisha nasaba ya mtu yeyote, na hatumjui mtoto aliyetenda dhambi ya kuzaliwa. Ya nasaba na mirathi na yaulizwe kwa kadhi. Lakini hapo DNA hugeuka kuwa ushahidi mkuu wa mama, na swali la nani alipe huwa zito maradufu.

Wenzetu wa mbali wameliwaza jambo hili kabla yetu. Sheria ya jimbo la California huko Marekani yaipa mahakama, katika kesi za ubaba, uwezo wa kuamuru ada za mawakili, ada za wataalamu na gharama za vipimo zilipwe na pande mbili kwa mafungu na nyakati ambazo mahakama itaona zafaa. Mwenye kipato kikubwa aweza kuagizwa kubeba sehemu kubwa, tena kesi ikiwa bado ingali changa. Uingereza tangu mwaka 2013 jaji katika kesi za talaka aweza kumwagiza mwenye uwezo amlipie mwenziwe huduma za kisheria kabla ya hukumu. Sisi hatujafika hapo kwa maandishi ya wazi. Lakini hiari iliyomo katika kifungu cha 27, ikisomwa pamoja na ibara ya 48 ya Katiba inayotaka ada yoyote isiwe kizuizi cha kuifikia haki, yatosha kumfikisha hakimu mwenye nia. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuliomba. Hakimu hagawi asichoombwa, na hati nyingi za madai huishia na maneno "pamoja na gharama" kana kwamba ni mapambo ya mwisho wa barua.

Basi dada yetu afanye nini, akiwa hana ada ya wakili?

Kabla ya mahakama kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Huduma yake hailipiwi. Humwita baba, huwakalisha wawili, na wakikubaliana huandika makubaliano ya wajibu wa wazazi ambayo yaweza kupelekwa mahakamani yapewe nguvu. Baba akikataa wito, barua za wito zihifadhiwe, kwani ndizo zitakazomwonyesha hakimu nani aliyelazimisha kesi kuwepo, na hapo ndipo hoja ya gharama inaposimama. Hata kesi ikishafunguliwa, mahakama yaweza kuipeleka kwa msuluhishi, na katika mpango wa usuluhishi ulio chini ya Idara ya Mahakama wahusika hawamlipi msuluhishi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imemtaja mtoto miongoni mwa wanaostahiki wakili wa serikali pale asipokuwa na uwezo. Shirika la FIDA, lililoanzishwa mwaka 1985 na mawakili wanawake, lina ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu, na pamoja na kuwakilisha, huwafundisha kina mama kujisimamia wenyewe mbele ya hakimu. Kwetu Mombasa wapo pia Kituo cha Sheria na MUHURI. Asiye na hata ada ya kufungulia kesi aweza kuiomba mahakama, chini ya Agizo la 33 la Kanuni za Mwenendo wa Madai, ruhusa ya kushitaki kama maskini. Neno hilo "maskini" huwatia haya wengi. Si la kutia haya. Ni jina la fomu.

Kesi ifunguliwe anakoishi mtoto. Kwa mtu wa Tongaren mahakama za Kimilili, Webuye, Bungoma na Kitale ziko karibu kuliko Mombasa, na baba ndiye apande basi akitaka, au asikilizwe kwa mtandao, kwani tangu mwaka 2024 hati za kesi hupokelewa kwa mtandao katika vituo vyote vya mahakama. Kuna ndugu zetu watakaouliza kwa nini asiende kwa kadhi. Ndoa, talaka na edda ni za kadhi bila shaka. Masurufu ya mtoto yamekuwa yakivutaniwa, kwani ibara ya 170 ya Katiba imempa kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale pande zote ni Waislamu na wameridhia kusikilizwa naye. Baba aliyeanza kwa kukana hatuoni ataridhia kwa wepesi, na kubishana juu ya mahakama gani ni gharama nyingine tena.

Akipata wakili wa kumlipa, makubaliano ya ada yaandikwe, na kila shilingi iwe na risiti. Wakili akisema "usinilipe sasa, tutagawana atakachopewa mtoto," asikubali. Sheria ya Mawakili haiyatambui makubaliano ya ada inayolipwa kwa sharti la kushinda. Na wale wanaozungukazunguka nje ya lango la mahakama wakiahidi kulainisha mambo, hao si mawakili.

Risiti hizo si za kuweka sandukuni tu. Mahakama ikimpa gharama, hapewi kila alichotumia. Hupewa kwa viwango vilivyowekwa, ambavyo huwa chini ya ada aliyomlipa wakili, pamoja na matumizi yaliyothibitishwa, kama ada ya mahakama na ya maabara. Hesabu yake hupelekwa kukaguliwa, na katika Mahakama Kuu asiyeridhika na ukaguzi wa Naibu Msajili ana siku 14 za kuandika pingamizi. Kisichokuwa na risiti hakipo. Nauli za matatu za Bungoma mara saba, zisizo na kipande cha karatasi, zitabaki kuwa sadaka yake.

Na katika hati ya madai, pale penye orodha ya maombi, aandike mambo haya kila moja kwa nambari yake: masurufu ya muda tangu siku ya kufungua kesi, gharama za kipimo, kama mdaiwa atakana, zitangulizwe na mdaiwa, gharama za kesi zilipwe na mdaiwa kwa kuwa aliitwa na afisa wa watoto akakataa. Nikaha yake, kwa mujibu wa barua, haikusajiliwa, lakini sheikh aliyewaozesha yungali hai na mashahidi wawili wako Naitiri. Hati zao za kiapo ziandikwe mwezi huu, kabla hajamwendea mtu yeyote mwingine.

Wabillahi tawfiq.